Lori Bovu Lililolindiwa Nafasi

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya, ingawa kwa umri wangu huu ningetakiwa kukaa kwenye kiti changu na kusikiliza redio. Nilikuwa msichana mkubwa, shule ya msingi nimemaliza, sijaolewa, na kazi yangu ilikuwa kuongozana na shangazi kando ya foleni ya malori pale Mpemba, tukiuza chai na chikanda. Kama wewe si mtu wa huku, chikanda ni mizizi ya porini inayotwangwa, ikachanganywa na karanga na pilipili, ikapikwa mpaka ikashikana, kisha ikakatwa vipande. Madereva wa Zambia walikuwa tayari kukosa usingizi, lakini si chikanda.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Sisi ni Wanamwanga wa ukoo wa Sinyangwe, na kwetu mwanamke wa ukoo huo huitwa Nanyangwe. Basi foleni nzima ilimwita hivyo, Nanyangwe, kana kwamba hakuna mwingine duniani. Na mimi ni Nanyangwe vilevile, ila nikiwa naye jina langu lilikuwa "yule mtoto wa chai". Alikuwa mjane, mrefu, mwenye sauti ya kumwamsha dereva aliyelala ndani ya kabini ya lori vioo vikiwa vimefungwa. Hakuwa na kibanda wala meza. Foleni ikiwa ndefu alitembea, foleni ikisogea alisogea nayo, na kwa kutembea huko alisomesha watoto wake bila kumwomba baba hata kipande cha sabuni. Nataka ulishike hilo: mwanamke yule alikula kwa miguu yake.

Sasa nikueleze utaratibu wa foleni, maana ubishi wote ulitokea humo. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hujipanga barabarani kusubiri kuvuka mpaka wa Tunduma. Siku mbaya mstari hufika Mpemba ukapita. Lori likitoka kwenye mstari limepoteza nafasi, na likirudi linaanzia mkiani. Kwa hiyo madereva walikuwa na kawaida yao ambayo hakuna serikali iliyowafundisha. Mwenzao gari likimharibikia, hawamwachi. Aliye mbele anamfunga mnyororo, foleni ikisogea anamvuta kidogo, ikisimama wanaweka mawe kwenye magurudumu, na lori bovu linaendelea kuhesabiwa miongoni mwa mazima. Ni wema, sikatai. Leo kwako, kesho kwa mwenzako. Lakini ndani ya wema huo kulikuwa na ujinga mmoja mkubwa umekaa kimya, na ujinga huo upo mpaka leo, ndiyo maana nimekuita ukae hapa unisikilize.

Lori lenyewe lilikuwa Fuso la bwana mmoja wa Tunduma mjini aliyeitwa Silwimba. Huyu hakuwa mtu baki. Alioa kwetu, mke wake alikuwa binti wa babu yangu mdogo, dada yao baba na shangazi, kwa hiyo alimwita baba yangu mulamu, yaani shemeji, na wakikutana walitaniana mpaka watu wakacheka. Fuso lake lilikuwa limebeba mchele wa mfanyabiashara wa Kongo. Injini ikafa kabla ya kufika Mpemba. Fundi akaifungua, akaitazama, akaiteremsha na kwenda nayo gereji, akasema spea zinatoka Dar es Salaam, msubiri. Silwimba akapiga hesabu zake za biashara: mchele ubaki humohumo, lori libaki kwenye foleni, livutwe mdogo mdogo, injini itakaporudi ilikute limeshafika mbele.

Bima ya lori ikaisha muda likiwa palepale barabarani. Dereva wake alikuwa kijana mpole wa Kindali aitwaye Lusekelo, na siku tajiri alipokuja kukagua mzigo, Lusekelo alimwambia mbele yetu. Niliyasikia kwa masikio yangu nikiwa namimina chai.

"Bosi, ile stika ya bima imeisha. Trafiki wakipita hapa itakuwa kesi."

"Waambie gari bovu," Silwimba akajibu, hata hakugeuka. "Gari limelala, nilikatie bima linakwenda wapi? Likiamka tutakata."

Akanywa chai yetu, akamtania shangazi kwamba anazeeka bila mume na chikanda yake haitamzika, akapanda gari lake zima akaondoka. Shangazi akacheka. Mimi nikacheka. Hakuna aliyeshtuka, mwanangu! Maneno yale yalionekana ya mtu mwenye akili, mtu asiyetupa hela ovyo. Ujinga ukisemwa na mtu aliyevaa viatu safi, watu huupokea kama ushauri.

Na kuna jambo jingine ambalo mtu wa mbali hawezi kuliamini. Sisi wauzaji tulilipenda lile lori bovu kuliko mazima yote. Lori zima ukikaa nyuma yake, dereva anaweza kuamka na kiwewe chake akaliwasha, likakurudia. Lile halikuwa na injini ya kuwashwa. Basi akina mama tulihamia kwenye kivuli chake cha nyuma. Tulitundika vitenge kwenye bodi, mmoja akaleta jiko la mkaa, mwingine alikuwa akimlaza mtoto wake mchanga ndani ya boksi. Foleni ikisogea, Lusekelo alipaza sauti, "Tunavuta!" Tuliinuka, tukasimama pembeni, likavutwa, likawekewa mawe, tukahama nalo. Tulilizoea kama mtu anavyozoea ukuta wa nyumba yake.

Asubuhi ninayokuambia, lori lililokuwa mbele yetu lilikuwa geni, si lile la siku zote. Dereva wake alikuwa Mzambia mwenye haraka. Alikubali kuvuta kwa sababu ndiyo kawaida, lakini mnyororo ulikuwa uleule uliovuta siku zote hizo, na mahali penyewe barabara ilikuwa imeinuka kidogo. Akachungulia dirishani, akamwambia shangazi, "Bamayo, sogeeni kidogo!" Bamayo kwao ni mama, kwa heshima. Tukasogea. Yule mwenye mtoto akambeba mwanawe, Mungu ni mwema. Mawe yakatolewa kwenye magurudumu, mnyororo ukakaza, Fuso likaanza kupanda.

Mnyororo ukakatika.

Lusekelo alikuwa kwenye usukani na alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, lakini breki za lori lile zilitegemea injini, na injini ilikuwa gereji. Likaanza kurudi nyuma. Watu hudhani gari la kumvunja mtu lazima lije kwa kasi. Lile lilirudi taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Shangazi alikuwa ameshatoka pale, akarudi hatua chache kuchukua beseni lake la chikanda. Alikuwa ameinama. Lori la nyuma ndilo lililolizuia Fuso lisiendelee, na mguu wa shangazi ulikuwa katikati yao.

Sitakusimulia sauti niliyoisikia. Wanaume walikuja mbio kutoka kila upande, wakasukuma, wakamtoa, wakampakia kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa akipeleka mahindi sokoni. Nilipanda naye nikiwa bado nimeshika chupa ya chai. Lile lori geni likaachana na kipande chake cha mnyororo, foleni ilikuwa imefunguka mbele, likaenda zake mpakani. Mpaka leo hatujui namba yake. Labda bima yake ingelipa sehemu ya matibabu, labda isingelipa. Nani angeiuliza?

Hospitalini Mbeya daktari alimwita baba pembeni, nami nikiwa nyuma yake. Akasema mfupa umevunjika zaidi ya mahali pamoja. Wamemfunga hogo, ile plasta ngumu, la kumtuliza tu, lakini hogo peke yake halitaunyoosha ule mguu. Anatakiwa kufunguliwa na kuwekewa vyuma. Baba akauliza ni lini.

"Mapema, mzee. Mfupa utaanza kujiunga wenyewe vyovyote ulivyokaa. Hautasubiri ukoo ukae kikao."

Akataja gharama. Baba akashika kofia yake mikononi akaizungusha, akaizungusha. Aliuza ng'ombe aliokuwa nao, haikutosha. Kanisani wakachanga, wakajitahidi kweli, haikutosha. Kuanzia siku ile nyumbani kwetu kulikuwa na swali moja tu: hela ya vyuma itapatikana kabla mfupa haujaungana vibaya, au baada?

Tukaenda kwa wakala wa bima mjini Tunduma, kiofisi kidogo karibu na stendi. Baba alikuwa na matumaini, alijua malori yote yana bima, ndivyo sheria ilivyo. Yule wakala akauliza namba ya gari, akatafuta, akatuangalia kwa huruma. Akatueleza kwamba bima ndogo, ile ya lazima ambayo watu huikata shingo upande kwa ajili ya trafiki, si ya gari wala si ya mwenye gari. Ni ya mtu aliye nje, anayepita zake, anayeuza chikanda yake. Ndiye anayekatiwa. Na gari likiwa barabarani linatakiwa liwe nayo, liwe limewashwa, liwe limezimwa, liwe linavutwa kwa mnyororo.

"Ingekuwa hai, mngefungua madai leo hii," akasema. "Sasa imeisha muda. Kampuni haina cha kuwalipa. Mnabaki na mwenye gari."

"Na kama angelitoa barabarani?" baba akauliza. "Akaliweka uani kwake?"

"Lingekaa huko mpaka liote majani, mzee, hakuna ambaye angemuuliza bima."

Tukatoka pale, baba ametangulia. Mimi ndiye niliyekuwa nachemka. Nilikuwa nimemwona Silwimba kwa macho yangu, anakunywa chai, anaambiwa, na hageuki. Alikuwa na njia mbili za haki, na zote mbili zilikuwa rahisi. Alilaze lori uani, au alikatie bima. Akaichagua ya tatu, ya kutuweka sisi chini ya lori lake bure.

Baada ya siku chache Silwimba akaja nyumbani. Hakuja peke yake. Alileta wazee wa ukoo wake, blanketi jipya, mfuko wa sukari na beberu. Shangazi alikuwa ameruhusiwa kusubiri nyumbani kwa kuwa kitanda cha hospitali nacho kina gharama zake, alikuwa amekaa barazani, mguu umenyooshwa juu ya stuli, hogo limefika kwenye paja. Wazee wakapewa viti. Salamu zikawa ndefu. Kisha Silwimba akasimama, akavua kofia.

"Mulamu," akamwambia baba, "hili ni la Mungu. Hata mimi nimeumia, mzigo wa watu umekwama barabarani. Lile gari lilikuwa limekufa. Lingekuwa linatembea, ningesema kosa langu, nipigeni. Lakini lilikuwa limelala tu, halina injini, ni chuma. Nani angejua? Mimi nawaomba tusipelekane mbali. Sisi ni ndugu. Tumalizie hapahapa nyumbani."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akatazama uani, akasema beberu ni mkubwa. Na baba yangu, Mungu amrehemu, niliona uso wake unalegea. Alikuwa mtu wa amani, aliogopa kuonekana mkorofi mbele ya mashemeji. Alifungua mdomo kushukuru. Shangazi akamwahi.

"Subiri kwanza, mdogo wangu. Silwimba, mulamu wangu, nina swali dogo. Siku zote zile lori lako lilikuwa limelala wapi?"

"Si barabarani, dada. Unajua mwenyewe."

"Kwa nini si uani kwako? Una ua mkubwa, nimeuona siku ya harusi."

"Ningepoteza nafasi kwenye foleni."

"Nafasi ya nini?"

Silwimba akazungusha kofia yake kama baba alivyozungusha ya kwake kule hospitali.

"Nafasi ya gari," shangazi akajijibu mwenyewe. "Hakuna mtu anayelinda nafasi ya chuma chakavu mpakani. Ulitaka lihesabiwe gari, likahesabiwa gari. Madereva walilivuta kwa sababu ni gari. Mwenye mchele wake anasubiri gari. Kwenye foleni lilikuwa gari, Silwimba. Limefika kwenye mguu wangu ndiyo limekuwa chuma?"

Beberu pale uani nilimwona amesimama ametulia. Shangazi akawageukia wale wazee, na sauti yake ile ya kuamsha madereva ikarudi yote.

"Nimesikia beberu ni mkubwa. Atatembea kwa niaba yangu? Atazunguka na beseni? Ninyi wazee mmekuja kunitazama au kumtetea mwenzenu? Mnasema nyumbani, nyumbani. Mimi sikuvunjikia nyumbani, nimevunjikia barabarani, na barabarani kuna sheria. Na wewe mdogo wangu," akamwambia baba, "usiniuze kwa blanketi. Undugu wangu na Silwimba haujafa. Lakini undugu wa kweli ungelipa bima."

Baba akainamisha kichwa. Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi maishani, ya wachungaji wenye vipaza sauti, lakini hakuna aliyewahi kuwanyamazisha watu kama yule mwanamke aliyefungwa hogo. Beberu akarudishwa. Sukari ikarudishwa. Blanketi alilikataa pia, ingawa asubuhi zile kulikuwa na baridi kali.

Kabla ya kuondoka Silwimba aliahidi. Alisema tumpe muda kidogo, mzigo ukishavuka atapata fedha, atatoa ya vyuma yote. Tukamwamini, tungefanya nini? Na sasa sikiliza linalonichoma mpaka leo. Haikupita hata wiki, akakodi lori jingine. Akaleta vijana pale Mpemba, wakahamisha mchele wote kutoka kwenye lile Fuso, mchele ukavuka mpaka, Mkongo wake akapokea mzigo salama. Nilikuwa pale nauza chai peke yangu, nikatazama magunia yanahama moja baada ya jingine. Fedha ya kuokoa mchele ilikuwepo! Iliyokosekana ni ya kuokoa mguu. Na lile Fuso, baada ya kushushwa mzigo, alilivuta siku hiyohiyo mpaka uani kwake. Kumbe ua ulikuwepo. Kumbe iliwezekana.

Hela ya vyuma haikuja. Tukienda kwake, yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Tukienda Nakonde, ameshavuka kurudi. Mke wake anatupikia ugali na kulia. Shangazi akasema basi. Alipandishwa kwenye hiace na magongo yake, mimi nimeshika beseni la nguo, tukaenda Vwawa mahakamani. Baba hakutaka, alisema ukoo utatusema. Shangazi akamwambia ukoo useme, mdomo ni wao, mguu ni wangu.

Kesi ikapigwa kalenda, ikaahirishwa tena na tena. Silwimba alikuja na maneno yaleyale, gari bovu, gari limelala. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza tu kama lilikuwa kwenye barabara ya umma. Akasema ndiyo. Kama lilikuwa na bima siku ile. Akasema hapana. Hukumu ikawa atalipa mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, matibabu na fidia. Akakosa pa kutoa. Akauza shamba lake la kahawa la Itaka, alilorithi kwa baba yake, kahawa ikiwa inakaribia kuchumwa.

Fedha ikaja, yote. Tulifunga safari ya Mbeya siku iliyofuata. Daktari akapiga picha mpya ya mguu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mfupa ulikuwa umeshaungana. Umeungana umepinda, na mguu umekuwa mfupi. Akasema kuunyoosha sasa ni kuuvunja upya, na kwa umri wa shangazi hawezi kuahidi kitu.

Shangazi alikuwa na bahasha ya hela kwenye mapaja yake. Akaitazama. Akamwuliza daktari, bila hasira kabisa, na nadhani hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, "Sasa hii ni ya nini, mwanangu?"

Daktari akairudisha ile picha kwenye mfuko wake.

Hakutembea tena na foleni. Alikaa nyumbani akitwanga chikanda, wengine wakienda kuuza, na wengine wao, wewe unawajua watu, walimletea hesabu pungufu. Aliwahi kuniambia kwamba hakutaka shamba la Silwimba, hakuna aliyelitaka. Yule bwana naye alibaki na lori bovu uani, hana kahawa, akipita kanisani anatokea mlango wa pembeni ili asikutane naye. Mke wake hakuja tena kutusalimia kwa aibu. Yote hayo kwa kukwepa bima ndogo ambayo haifikii hata bei ya tairi moja la Fuso. Tairi moja, mwanangu! Nikifika hapo huwa naomba maji ya kunywa.

Usinielewe vibaya. Sisemi kampuni za bima ni malaika. Wapo waliozungushwa miezi na miezi, wakaambiwa leta karatasi hii, leta ile, na hao nao siku yao itafika niwaseme. Lakini mtu anayezungushwa na kampuni walau ana mlango wa kugonga kila asubuhi. Sisi tulikuwa tunagonga mlango wa shemeji, na shemeji alikuwa ametokea dirishani.

Wewe utasema, bibi, hayo ni ya zamani. Ya zamani? Jana nimepita Mpemba kwa bajaji nikaona gari, Noah, imekaa pembeni ya lami, matairi yamelala, kuku wanataga ndani, na mwenyewe ameweka kiti nyuma yake ananyoa watu. Nikasimamisha bajaji, nikamuuliza, kijana, hii gari ina bima? Akacheka. "Bibi, hiyo ni mkweche tu, haitembei." Nikamuuliza pikipiki ikija usiku ikaivaa kwa sababu haina hata taa, yule wa pikipiki atamdai nani, kuku? Akaacha kucheka. Mwana wa dada yangu anayechimba dhahabu kule Saza ananiambia tipa likiharibika njiani, wenzake wanalala uvunguni wakikwepa jua, na mwenye tipa ameshahamishia hela ya bima kwenye lile linalotembea. Ni hadithi ileile. Wamebadilisha shati tu.

Basi sikia ninachokutaka. Ukipata gari, na nakuombea ulipate, siku litakapokufa usimruhusu mtu akwambie limelala. Gari linalala uani kwako tu, nyuma ya geti, mahali ambapo hakuna anayepita ila wewe na mkeo na watoto wako, ambao utawaonya wenyewe. Likiwa kwenye barabara ya watu, liko macho hata kama halina injini. Ama lisogeze litoke, hata kama unapoteza nafasi, hata kama mwenye mzigo anakupigia simu anakutukana. Ama bima yake iwe hai kila siku ambayo litakuwa pale. Siku hizi huna hata kisingizio cha kusahau, unaandika namba ya gari kwenye simu unaona kama bima ipo au imeisha, mjukuu wangu amenionyesha, imechukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Na ukilivuta, livute kwa chuma kigumu cha kuvutia, si kwa mnyororo wa kuokota, na watu wote wakae mbali mpaka mawe yarudi kwenye magurudumu. Wewe ukiwa ndiye dereva, na tajiri anakuambia waambie gari bovu, teremka. Lusekelo alisema mara moja akanyamaza, akaishi akikanyaga breki ile usingizini mpaka alipoacha kazi ya malori.

Na wewe binti yangu unayetusikiliza hapo, ukiwa muuza chai, usikae nyuma ya lori lolote, na hasa lile lililozoeleka. Ukiumizwa, usikubali watu waje na beberu kabla hawajaja na hela ya daktari. Pokea pole zao, wape chai, halafu waulize bima iko wapi. Si ukorofi huo. Atakayekuita mkorofi mwambie umetumwa na mimi, na nyumba yangu anaijua.

Sasa inuka, mwanangu, nikuwekee mkono. Mungu wa baba zako akupe riziki ya halali na gari la kuibeba. Akupe moyo mwepesi wa kulipa jambo dogo mapema. Akulinde wewe na wote wanaouza, wanaokaa na wanaopita kando ya magurudumu yako, wale usiowajua majina. Na asikufikishe kamwe, mwanangu, mahali ambapo hela yako imefika na mfupa wa mtu umeshachoka kukusubiri.